ANTIVIRUSI YA BURE: TUCHAGUE KWA AKILI



Wakati wa mapumziko baba mudogo alirudi toka Kisangani na ordinatere mupya. Nyumba yote tulifurahi. Rafiki mumoja akatuwekea antivirusi « ya kulipa » bila kulipa, ile ya kuvunja funguo, na akazima ile iliyokuwa ndani. Siku ya tatu dada alipeleka flashi pahali wanapochapisha makaratasi, akairudisha na kuichomeka. Kurasa 40 za kazi yake ya kumaliza masomo hazikuonekana tena; palibaki vialama vyenye mushale tu. Akaambiwa: « Futa yote! » Akafuta. Kumbe virusi ya namna ile inaficha kazi, haiiuwe. Sisi wenyewe njo tuliiua.

Wengi wanasema: « Virusi ni mambo ya watu wa intaneti, sisi huku rezo yenyewe ni ya shida. » Hapana! Kwetu virusi inatembea mufukoni, ndani ya flashi.

Basi tuchague gani? Mawazo yangu ni haya. Windows 10 na 11 ziko na Defender ndani yake, bila franka hata moja. Inatosha kwa nyumba. Kama mashini imekuja na antivirusi ingine ya kujaribu siku chache, muda ukiisha uiondoe, Defender irudi kazini. Usiweke mbili zifanye kazi pamoja: walinzi wawili wasioelewana watapigana wao kwa wao, na mwizi anapita. Na ile ya kuvunja funguo usiiguse, kwani mwenye kuivunja anaweza kuiwekea virusi yake ndani. Tena ni wizi.

Wengine watauliza: na Avast ya bure je? Ndugu, bure nayo iko na bei yake. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliamuru Avast ilipe dola milioni 16,5, kwa sababu iliuzisha habari za mambo ambayo watu walitazama kwenye intaneti. Kabla ya kukubali kitu cha bure, uliza mwenyewe anakula wapi.

Lakini mulinzi asiyepata habari ni sawa na mulinzi mwenye kulala. Mwezi wa tano 2017 virusi WannaCry ilifunga ordinatere katika inchi zaidi ya 150 na kuomba dola 300 kwa kila moja. Dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu mwezi wa tatu! Walioumia ni wale ambao hawakuitia. Kwa hiyo mwenye kununua mashini ya zamani ajue: muda wa kawaida wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14/10/2025. Aulize kwanza kama hiyo mashini inaweza kupokea Windows 11.

Na sisi wenye mega kidogo? Microsoft inatoa habari mpya za Defender kama faili moja ya bure. Mwenye kwenda Kisangani aichukue kwa flashi, tugawane. Flashi ya mugeni tuipime mbele ya kuifungua. Na kazi ya maana tuiandike pahali pawili, kwani hakuna antivirusi inayorudisha kitu kilichofutwa.

Dada ameanza tena toka ukurasa wa kwanza. Mwenye mawazo mengine aandike, tutamusoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Pedagojia