Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone, Lakini kwa Lugha Gani?

Katika mwaka 2025 jina la Kakuma lilirudi tena katika kurasa za mbele za magazeti yetu. Mwezi wa Machi, na tena mwezi wa Julai, wakimbizi waliandamana kulalamikia kupunguzwa kwa mgao wa chakula, na mara zote mbili risasi zilisikika. Chanzo chake kinajulikana. Marekani ilikuwa imesitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya ng'ambo, na mashirika yaliyoitegemea yakalazimika kupunguza chakula, dawa na watumishi. Mjadala uliofuata ulikuwa wa fedha. Nani atalipia mahindi? Nani atalipia dawa za kifua kikuu? Maswali hayo ni ya haki, wala sikusudii kuyapuuza. Hata hivyo, mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu ningependa kuwaalika walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu waitazame habari hiyo kwa upande wa lugha. Kwa maoni yangu, tiba inayoletwa na wageni katika nchi yenye machafuko humtegemea mtu ambaye hatajwi katika ripoti wala katika hotuba za shukrani. Mtu huyo ni mwenyeji anayesimama baina ya daktari na mgonjwa, akisema kwa niaba ya wote wawili.

Natuanze na mahali penyewe. Lopur ni mojawapo ya wadi saba za Turkana Magharibi, jirani ya Kakuma, safari ya kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar. Ni nchi kavu, yenye mito ya msimu kama Tarach ambayo hujaa ghafla na kukauka upesi, na yenye wafugaji wanaofuata malisho hadi kwenye mipaka ya Uganda na Sudan Kusini. Kwa miaka mingi tiba katika sehemu hizo imebebwa kwa kiasi kikubwa na watu wa kutoka nje. Kanisa Katoliki lilijenga zahanati na hospitali ya misheni pale Kakuma. Shirika la AMREF, lililoanza mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wa ndege, liliendesha kampeni dhidi ya ugonjwa wa hidatidi huko Turkana tangu miaka ya 1980. Mwaka 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, ili kuwatibu majeruhi wa vita vya Sudan. Ilipofika mwaka 1992, kambi ya Kakuma ilianzishwa kwa ajili ya vijana wa Sudan waliolazimika kukimbia tena kutoka Ethiopia baada ya kuanguka kwa Mengistu mwaka 1991. Leo kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu wapatao 300,000.

Watu wengi hudhani kwamba maisha ya daktari wa kujitolea yanafanana na sinema. Nimepata kufuatana na kliniki za kuhamahama kwa shughuli zangu za utafiti wa lugha, nami naweza kushuhudia kwamba maisha hayo ni ya ratiba na uvumilivu. Gari huondoka kabla jua halijapanda. Ndani yake mna kasha la barafu la kuhifadhia chanjo, mizani ya kutundikwa kwenye tawi la mti, vipimo vya malaria, na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Utepe huo ukiishia kwenye rangi nyekundu, maana yake ni kwamba mzunguko wa mkono haujafika sentimita 11.5, na mtoto yumo hatarini. Daktari huketi kwenye kiti cha kukunja chini ya mgunga, na kufikia adhuhuri amekwisha kuwaona watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka nyuso zao.

Machafuko huivuruga ratiba hiyo. Huja asubuhi ambayo habari zimefika kwamba mifugo imeporwa usiku, na safari inaahirishwa. Siku inayofuata kijiji kilichopangiwa chanjo kimekwisha kuhama. Mtoto aliyepata chanjo ya kwanza haonekani kwa ya pili. Mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye bado ana miezi minne ya kumeza dawa, amevuka mpaka pamoja na ng'ombe. Penginepo uhasama huwa kati ya wakimbizi na wenyeji wao, kama ilivyotokea Kakuma mwezi wa Juni 2003, watu walipouana. Hapo daktari hutakiwa kumtibu aliyepiga na aliyepigwa, huku kila upande ukimtazama uone kama anapendelea.

Sasa nije kwenye lugha. Katika Kiturkana neno emoit, ambalo wingi wake ni ngimoe, humtaja mtu wa kabila la nje, na pia humtaja adui. Msomaji asikimbilie kuwahukumu Waturkana. Katika Kilatini cha kale neno hostis lilikuwa na maana ya mgeni kabla ya kuwa na maana ya adui, na ndugu yake, hospes, aliye mgeni au mwenyeji, ndilo lililozaa neno letu hospitali. Nasi Waswahili tunalo neno mgeni, linalombeba mtu tunayemkaribisha na mtu tusiyemjua. Methali zetu zinamwangalia pande zote mbili. Moja husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lugha hizi tatu, zisizo na undugu wowote, zinakubaliana kwamba atokaye nje huanza kama swali. Bado hajajulikana atakuwa nani. Jibu hutolewa na wenyeji, na hutolewa kwa lugha yao.

Hapo ndipo mkalimani anapoingia, na kazi yake ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Chukua jambo dogo kama saa. Daktari wa Kizungu aliyejifunza Kiswahili kitabuni akitaka dawa imezwe saa mbili za asubuhi, huenda akahesabu kwa saa ya kwao na kusema saa nane, akakosea kwa muda wa saa sita. Kwa mfugaji asiye na saa hata usahihi huo haumsaidii. Mkalimani mwenye busara huacha tarakimu kabisa. Humwambia mgonjwa ameze dawa asubuhi mifugo inapokamuliwa, na ameze tena jioni inapokamuliwa tena. Daktari amesema kila baada ya saa kumi na mbili, na mgonjwa ameelewa vilevile, ingawa hakuna neno hata moja lililofasiriwa kama lilivyo. Au chukua agizo la kumeza dawa baada ya chakula. Katika nyumba ambayo chakula hakina hakika, agizo hilo laweza kumfanya mama asimpe mtoto dawa siku nzima, akingoja mlo usiokuja. Anayejua jambo hilo ni mtu wa hapo, na asipolisema, daktari hatalijua kamwe.

Mkalimani asipokuwapo, huitwa mtoto wa shule aliyemsindikiza mamaye. Nani miongoni mwetu angependa kueleza maradhi ya uzazi kupitia kwa kijana wake wa kiume wa miaka kumi na miwili? Mama husema tumbo linamuuma, mtoto hufasiri kwamba tumbo linamuuma, na daktari huandika dawa ya tumbo. Kila mmoja ametimiza wajibu wake na ugonjwa umebaki palepale. Kambini Kakuma tatizo hilo huzidi, kwa sababu foleni moja huwa na wasemaji wa Kidinka, Kinuer, Kisomali, Kiamhara, Kirundi na Kiswahili cha Kongo.

Ugonjwa wa hidatidi unatoa fundisho lililo wazi zaidi. Huletwa na tegu wa mbwa. Mbwa hula matumbo ya mnyama aliyechinjwa yenye vifuko vya maji, na mtu humeza mayai ya tegu huyo kutoka kwa mbwa, kisha vifuko hivyo hukua ndani ya ini au mapafu yake kwa miaka mingi. Turkana imekuwa miongoni mwa sehemu za dunia zilizoathiriwa mno, kwa kuwa huko mbwa huishi karibu sana na watu, hasa akina mama na watoto. Daktari mpasuaji aweza kukiondoa kifuko. Lakini kuuzuia ugonjwa ni kumshawishi mfugaji ampe mbwa wake dawa ya minyoo na asimtupie matumbo ya mbuzi. Ushawishi wa namna hiyo haufanywi kwa bango la Kiingereza. Hufanywa kwa mazungumzo, na mwenye mazungumzo ni yule anayejua mbwa huyo ana thamani gani nyumbani.

Je, lugha humlinda daktari na risasi? Hapa yatupasa kusema kweli. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyewahudumia wagonjwa wa kifua kikuu huko Wajir tangu miaka ya 1970, aliishi na wafugaji na kusema lugha yao. Aliwapa wagonjwa mahali pa kukaa kwa miezi kadhaa wakimeza dawa mbele ya mhudumu, utaratibu unaofanana na ule ambao Shirika la Afya Duniani lilikuja kuupendekeza kwa nchi zote katika miaka ya 1990. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 2003 aliuawa kwa risasi huko Borama, kwenye hospitali aliyoianzisha mwenyewe. Kwa hiyo lugha si ngao ya chuma. Lakini tazama pia upande wa pili. Madaktari wawili wa Kuba walitekwa nyara mjini Mandera mwezi wa Aprili 2019 ingawa walikuwa na ulinzi wa polisi, na afisa mmoja aliyewasindikiza aliuawa. Bunduki nayo si ngao ya kutosha. Katika nchi kama Turkana, habari ya njia ipi ni salama leo, nani amekasirishwa na nani, na ni wapi watu wamehama jana, hupatikana kwa maneno kabla ya kupatikana kwa redio ya polisi. Anayeyasikia maneno hayo ni mkalimani, dereva, na mhudumu wa afya aliyezaliwa hapo. Nao, tofauti na mgeni, hawana ndege ya kuwarudisha kwao mambo yakiharibika. Kwao ni hapohapo.

Ndiyo maana nauliza kinachobaki mgeni anapoondoka. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa Januari 2005, Msalaba Mwekundu uliikabidhi Lopiding kwa serikali ya Kenya mwaka 2006. Hilo halikuwa kosa, kwani vita vilivyowaleta majeruhi vilikuwa vimekwisha. Mwaka 2025 mambo yalikuwa mengine. Fedha ziliondoka ilhali wagonjwa wamebaki. Katika hali zote mbili, majengo yaweza kubaki na dawa zaweza kwisha. Akiba isiyohamishika ni watu wa mahali waliojifunza kazi. Kama tumewaita vibarua wa kufasiri kwa miaka thelathini bila cheti wala mshahara wa maana, basi tumeitupa akiba hiyo kwa mikono yetu wenyewe.

Sheria haitupi kisingizio. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji, na katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya huduma ya afya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Neno hilo, inapowezekana, ndilo mlango tunaotorokea. Yatawezekana tu tukiyaandalia watu. Mwaka 2023 serikali iliwatambua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba ya vifaa. Hatua hiyo ni njema. Inayofuata iwe kuwafunza, hasa walio katika kaunti za mipakani, ukalimani wa tiba, pamoja na maadili yake ya kutunza siri. Chuo cha mafunzo ya utabibu pale Lodwar na Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana vina nafasi ya kuifanya kazi hiyo kwa pamoja. Nayo mashirika ya hisani yaweke ujira wa mkalimani katika bajeti, kama yanavyoweka mafuta ya gari.

Wako watakaosema kwamba dawa ya yote haya ni kila mtu ajue Kiswahili. Mimi ninakipenda Kiswahili na ninakula kwacho. Lakini bibi mzee wa Lopur hapaswi kufaulu mtihani wa lugha kabla ya kutibiwa homa. Kiswahili kitaenea kwa kuhudumia watu, na mara nyingi kitawahudumia kwa kupisha lugha ya nyumbani itangulie.

Kwenu walimu na wanafunzi, kazi hii haihitaji wafadhili. Mwanafunzi anayekwenda likizo aweza kuwauliza wazee majina ya maradhi, ya viungo vya mwili na ya aina za maumivu katika lugha ya kwao, akayaandika pamoja na maana zake. Mwalimu aweza kuyakusanya, na orodha ikapelekwa kwenye zahanati iliyo karibu. Daktari mgeni atakayeikuta mezani ataanza kazi akiwa na maswali machache ya kubahatisha.