Kompyuta zikizima, matapeli huamka

Mnakumbuka Ijumaa ile ya tarehe 19 Julai 2024? Kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho bovu la programu yake ya ulinzi, na kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows zikaanguka. Skrini za samawati kila mahali. Ndege zikakwama, hospitali zikaahirisha matibabu.

Kufa kufaana. Siku hiyo hiyo matapeli walianza kufungua tovuti zenye jina la CrowdStrike. Wengine walituma barua pepe, wengine wakapiga simu wakijifanya mafundi wa kampuni hiyo. Kulikuwa hata na faili iliyoitwa crowdstrike-hotfix.zip, yenye maelezo ya Kihispania kwa wateja wa Amerika ya Kilatini. Ilijidai ni dawa, kumbe ndani mlikuwa na RemCos, programu inayompa mwizi uwezo wa kuendesha kompyuta yako akiwa mbali.

Hebu fikiria kidogo. Kompyuta iliyogoma kuwaka haiwezi kufungua zip. Kwa hiyo faili hiyo ungeifungulia wapi? Kwenye ile kompyuta nzima iliyobaki! Dawa ya kweli, kwa mashine nyingi, ilikuwa fundi kukaa mbele ya kila moja, kuiwasha katika hali salama na kufuta faili moja tu.

Lakini simlaumu aliyebofya. Bosi anafoka, wateja wamepanga foleni, halafu inaingia barua ya kukuokoa. Nani hangebofya? Lawama nyingine ni yetu sisi watu wa kompyuta. Mwaka mzima tunawatumia watu barua za vitisho: "Badilisha neno la siri leo, la sivyo utafungiwa." Tumewazoesha kutii bila kuuliza. Kisha siku ya balaa tunajifungia na mashine zetu, kimya. Tukinyamaza sisi, tapeli ndiye anayesikika.

Maoni yangu ni haya: kila ofisi iamue mapema nani atazungumza mitambo ikianguka, na kwa nambari gani. Nambari hiyo iandikwe kwenye karatasi, ibandikwe ukutani. Akikupigia mtu usiyemjua, kata simu, kisha piga wewe ile ya ukutani.

Je, ofisini kwenu karatasi hiyo ipo?