Kulisikiliza Jua



Vijana wa chuoni wameniuliza swali ambalo nimeona afadhali nilijibu hapa, ili na wazazi wao wapate kulisoma. Wamesikia ya kuwa wako wataalamu wanaolichungua jua kwa redio, nao wakauliza: redio ni kitu cha kusikiliza, na jua ni kitu cha kuonekana, basi mambo haya mawili yamekutana wapi? Swali ni zuri, na jibu lake laanzia vitani.

Mwezi wa Februari 1942 Uingereza ilikuwa katika vita vikali na Ujerumani. Pwani zake zililindwa kwa rada, yaani mitambo inayotuma mawimbi ya redio angani na kungoja yarudi baada ya kugonga ndege au meli. Tarehe 12 ya mwezi huo manowari mbili kubwa za Kijerumani, Scharnhorst na Gneisenau, zilipita mchana katika mlango wa bahari ulio baina ya Uingereza na Ufaransa, na Wajerumani walikuwa wamezichafua rada za Waingereza kwa kuzirushia mawimbi ya makelele. Ilikuwa fedheha kubwa. Kazi ya kupeleleza uchafuzi wa namna hiyo ilikuwa mikononi mwa Bwana James Stanley Hey, ambaye kabla ya vita alikuwa mwalimu wa shule.

Haukupita mwezi. Mnamo tarehe 27 na 28 Februari rada nyingi, katika sehemu mbalimbali za nchi, zilijaa makelele mchana kutwa hata hazikufaa kwa kazi. Kila mtu alidhani adui amekuja na hila mpya. Lakini Bwana Hey alizikusanya taarifa za vituo vyote, akatazama kila kituo kilisema makelele yatoka upande gani, akaona ya kuwa upande ule ulikuwa ukihama kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni, sawasawa na mwendo wa jua. Akauliza wataalamu wa falaki wa Greenwich, nao wakamjibu kwamba siku zile palikuwa na kundi kubwa la madoa meusi karibu na katikati ya uso wa jua. Mchafuzi hakuwa Mjerumani hata kidogo. Khabari hiyo ilifichwa kwa ajili ya vita, na ulimwengu haukuisoma mpaka 1946.

Basi jua, pamoja na nuru na joto tunalolijua, hutoa pia mawimbi ya redio. Mawimbi hayo ni ndugu wa nuru: mwendo wao ni mmoja, nayo huvuka kilometa milioni 150 kwa muda wa dakika 8 na kitu. Hayazuiliwi na mawingu, wala hayamuumizi jicho anayeyapima.

Baada ya vita, huko Kanada, Bwana Arthur Covington aliunda chombo kwa vipande vya rada vilivyobaki, akakielekeza kwenye jua. Tarehe 23 Novemba 1946 jua lilipatwa nusunusu katika mji wa Ottawa. Covington alikaa akipima huku mwezi ukilifunika jua polepole, na ulipofika mahali penye kundi kubwa la madoa, vumo la redio likapungua ghafula kuliko ilivyopasa kwa kipande kidogo kama kile. Hapo ikajulikana kwamba nguvu nyingi za mawimbi yale hutoka juu ya madoa. Tangu 1947 Wakanada wamekuwa wakipima vumo hilo kila siku, kwa wimbi lenye urefu wa sentimeta 10.7. Leo kazi hiyo hufanyika Penticton, magharibi ya nchi ile, mara tatu kwa siku. Mimi naona kazi hii ni kubwa kuliko uvumbuzi mwingine unaopigiwa ngoma. Kwani kuvumbua ni jambo la siku moja, lakini kuandika namba kila siku kwa muda wa zaidi ya miaka 70, mtu akistaafu mwingine akashika kalamu, ni subira ya namna yake.

Ama faida ya kulisikiliza jua, hakuna kisa kinachoidhihirisha kama kile cha tarehe 23 Mei 1967.

Siku hizo Marekani na Urusi zilikuwa zikitazamana kwa jicho la uadui, kila mmoja na makombora yake. Wamarekani walikuwa na rada tatu kubwa za kuwaonya kombora likija kwa njia ya kaskazini: moja Alaska, ya pili Greenland, ya tatu Uingereza. Siku hiyo zote tatu zilionekana zimechafuliwa. Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kuzichafua rada zile kulihesabiwa kuwa ni kitendo cha vita, maana ni nani atakayempofusha jirani yake ila yule aliyekusudia kumpiga? Makamanda wakaanza kuziweka tayari ndege nyingine zaidi zenye mabomu ya nyuklia. Lau ndege zile zingeruka, na Warusi wakaziona, sijui ni nani angeweza kuzirudisha hasira za pande mbili.

Lakini jeshi la anga la Marekani lilikuwa limeunda, miaka michache tu kabla ya hapo, idara ndogo ya watu wa kulichungua jua. Watu hao walikuwa wameliona kundi kubwa la madoa siku kadhaa mbele, na siku ile wakauona mlipuko wenyewe. Na kituo cha redio kilichoko Massachusetts kikaripoti kwamba jua linatoa mawimbi kwa nguvu isiyo ya kawaida. Taarifa ikafika kwa makamanda kwa wakati: rada zote tatu zilikuwa zikilikabili jua, na jua ndilo lililozichafua. Ndege hazikuruka. Baada ya siku mbili hivi tufani ya sumaku ikaifikia dunia, na mawasiliano ya redio yakavurugika kwa siku nyingi. Watu wa kawaida hawakukisikia kisa hiki kwa ukamilifu mpaka kilipoandikwa na wataalamu mwaka 2016.

Mara ya kwanza alidhaniwa Mjerumani, mara ya pili akadhaniwa Mrusi.

Wengine watasema, hayo ni mambo ya wakubwa na majeshi yao, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu. Simu inayomwonyesha msafiri njia, na inayomwonyesha kibla akiwa ugenini, husikiliza setilaiti zilizo mbali sana, na sauti zake hufika hapa zikiwa hafifu mno. Jua likipaza sauti katika masafa yale yale, hafifu humezwa. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 6 Desemba 2006, ambapo vyombo vingi vya kupokea setilaiti za njia, katika upande wa dunia uliokuwa na mchana, vilipotelewa. Na ajabu ni kwamba ilikuwa karibu na miaka ya utulivu wa jua, wakati watu hawatarajii fujo. Tarehe 4 Novemba 2015 ikawa zamu ya Sweden: jua lilikuwa limeinama karibu na machweo, rada za kuongozea ndege zikalielekea, zikaona vitu visivyokuwapo, na ndege zikazuiwa kwa muda. Kuzuia ndege ni hasara, lakini ni hasara nyepesi.

Imebaki kueleza jinsi sauti ya jua inavyosomwa. Mwaka 1949 huko Penrith, karibu na Sydney, Bwana Paul Wild na wenzake walitengeneza chombo cha kusikiliza masafa mengi kwa pamoja. Wakagundua kwamba milipuko mingine huanza kwa masafa ya juu na kushuka hata ya chini, mfano wa mtu aanzaye kwa sauti nyembamba akaishia kwa sauti nene. Sababu yake ni hii: hewa ya jua ni nzito karibu na jua na nyepesi mbali nalo, na penye uzito sauti huwa nyembamba, penye wepesi huwa nene. Ikishuka kwa nukta chache tu, ni chembe ndogo za umeme zinazokimbia kwa mwendo wa ajabu. Ikishuka taratibu kwa dakika kadhaa, ni wimbi la mshindo linalopanda katika hewa ya jua. Na kwa kupima wepesi wa kushuka kwake mtaalamu hukadiria mwendo wa mshindo ule. Mara nyingi nyuma ya mshindo wa namna hiyo liko wingu lililotupwa na jua. Redio hufika kwa dakika 8, bali wingu huchukua siku moja hadi tatu. Muda ulio katikati ndio wa kujitayarisha.

Kituo kimoja hakitoshi, kwa kuwa jua likichwa kituo hakioni kitu. Ndiyo maana jeshi la anga la Marekani limeweka vituo vya kupokezana: Australia, Italia, Massachusetts na Hawaii. Na iko mitambo midogo ya bei nafuu iitwayo Callisto, iliyobuniwa na Waswisi wa Zurich, ambayo imesambazwa katika nchi nyingi, hata kwa jirani zetu wa Rwanda.

Kijana apendaye aweza kuitafuta mwenyewe ile namba ya Penticton, maana hutangazwa kila siku bila malipo. Akiikuta karibu na 70, jua limetulia. Akiikuta imepita 200, ajue madoa ni mengi.