Kamera Zinamwona Nani?

Makomredi, mwaka jana nilipokonywa simu Tom Mboya Street saa kumi na mbili jioni, kamera ya polisi ikiwa juu ya mlingoti hatua chache tu kutoka niliposimama. Nikaenda kituoni, nikaandikisha OB, nikaomba waangalie picha. Afisa akacheka. "Kijana, hiyo mitambo si ya simu ya elfu kumi na tano."

Sawa. Ni ya nini basi?

Mwaka 2014, baada ya Westgate, serikali iliipa Safaricom kandarasi ya shilingi bilioni 14.9, mitambo ikatoka Huawei. Kamera kama 1,800, Nairobi na Mombasa. Huawei wakatangaza kuwa uhalifu ulishuka kwa asilimia 46 mwaka 2015 katika maeneo yaliyofikiwa. Takwimu za polisi wenyewe zikasema vingine: Nairobi ulishuka kwa kiasi kidogo zaidi, Mombasa ukapanda, na 2017 makosa yaliyoripotiwa Nairobi yalikuwa yamepita yale ya kabla ya kamera. Yaani muuzaji alijisahihishia mtihani!

Sisemi kamera hazifai kabisa. Utafiti uliojumlisha tathmini za miaka 40, uliochapishwa 2019, ulipata uhalifu ukipungua kwa asilimia 13 hivi, hasa kwenye maegesho ya magari. Kwa uhalifu wa mabavu, hakuna tofauti ya maana. Na sisi wa mtaani, ambao hata gari hatuna, tunaogopa kupigwa ngeta.

Linaloniuma zaidi ni hili. Albert Ojwang alipokufa mikononi mwa polisi Juni 2025, baada ya kuzuiliwa kituo cha Central, tuliambiwa kwanza kajigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaikataa hadithi hiyo. IPOA ilipotafuta picha, ikakuta mfumo wa kamera wa kituo umechezewa. Kamera ya ndani ya kituo cha polisi, jamani, si ya kichochoroni!

Kwa hivyo kabla Bunge halijapitisha hata shilingi moja nyingine ya kamera, tudai mambo mawili. Polisi walete hesabu, kituo kwa kituo: kesi ngapi zilifika kortini kwa sababu ya picha hizi? Na rekodi za korokoroni zihifadhiwe na IPOA, si na wanaochunguzwa.

Simu yangu? Bado niko na kabambe.