Kabla ya Kununua Kiwanja, Tumuulize Jirani



Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yetu tumekuwa wapangaji wa Tandale: chumba na sebule, watoto watatu, na bibi yao mwenye presha. Mwaka jana, kwa fedha ya upatu na mkopo mdogo wa chama chetu cha akiba, tuliweza hatimaye kununua kiwanja. Kimoja tu, na tukikosea hatuna cha pili. Ndipo swali likaingia nyumbani na kukaa nasi mezani miezi minne: twende kaskazini, Mabwepande, kule juu ya Bunju, tubaki watu wa Kinondoni? Au twende kusini, Chamazi, ndani zaidi ya Mbagala, tuwe watu wa Temeke?

Tunajua hatuko peke yetu. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na si Upanga wala Kariakoo walikojibana. Wengi wamekwenda pembezoni, kama sisi. Kwa hiyo swali la mahali pa kuishi si la dalali peke yake. Ni la Kanisa pia.

Tulianza kama wanavyoanza wote, kwa maji na barabara. Upande wa Bunju uko karibu na njia ya mabomba yanayoleta maji ya Ruvu Chini kutoka Bagamoyo. Mbagala na vitongoji vyake vimeishi miaka mingi kwa visima, na vingine maji yake yana chumvi. Hapo Kinondoni ikapata alama. Barabara ikatugawa. Mmoja wetu anauza vitambaa Kariakoo. Mwingine ni seremala Mwenge. Kutoka Chamazi unashuka Mbagala Rangi Tatu, unashika Kilwa Road moja kwa moja hadi Gerezani, na Kariakoo iko pale. Kutoka Mabwepande unatoka Bunju, unafuata Barabara ya Bagamoyo, na Mwenge iko njiani. Kila mtaa ulimfaa mmoja na kumchosha mwingine.

Kisha likaja jambo la jina. Ndugu zetu walituambia wazi: "Kinondoni ni Kinondoni. Mkisema mnakaa Mbagala, watu wataonaje?" Tulicheka, lakini liliuma kidogo, maana na sisi tulikuwa tumeliwaza. Tukajikumbusha kwamba Kinondoni hiyo hiyo ina Masaki na ina Tandale yetu, ambako mvua ikinyesha tunapandisha magodoro juu ya meza. Jina la wilaya halijawahi kutuzuilia maji mlangoni.

Katika jumuiya yetu tulisoma siku moja habari ya Abramu na Lutu, Mwanzo sura ya 13. Wachungaji wao waligombana, na Abramu akamwachia mdogo achague kwanza. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lina maji ya kutosha, akalichagua. Hakuuliza habari za watu wa huko. Mama mmoja wa jumuiya, mzaliwa wa Bonde la Msimbazi, akasema: "Lutu alinunua kiwanja wakati wa kiangazi." Tulicheka sana, halafu tukanyamaza.

Mama huyo alijua alichokisema. Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliliingia jiji hili, watu wakafa, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zikapoteza kila kitu. Mwanzoni mwa 2012 serikali iliwahamishia waathirika Mabwepande na kuwapa viwanja. Kuwaondoa kwenye hatari lilikuwa jambo jema. Lakini wengi walikuwa watu wa kibarua cha siku na biashara ndogo za katikati ya mji, na riziki yao ilibaki mbali. Wapo waliojenga na kutulia. Wapo pia walioviacha viwanja wakarudi kule kule bondeni. Tusiwacheke. Mtu haishi kwa kiwanja tu.

Chamazi nayo ina historia yake. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa wakazi wa Kurasini, baadhi ya wapangaji, ambao kwa kawaida hawalipwi fidia ya nyumba, walikuwa tayari katika vikundi vya kuweka akiba. Wakaunganisha nguvu kupitia Shirikisho la Maskini wa Mijini, wakanunua ekari 30 Chamazi na kuanza kujenga. Kazi haikuwa rahisi, na umbali uliwasumbua vilevile. Ila walihama wakiwa wanajuana. Hiyo ndiyo tofauti tuliyoiona: wengine walipewa ardhi kisha wakatafuta ujirani, hawa walikuwa na ujirani kwanza, kisha wakatafuta ardhi.

Basi tukaacha kuwasikiliza madalali, tukaenda wenyewe. Tulikwenda Aprili, masika yamepamba moto, maana kila kiwanja ni kizuri mwezi wa Septemba. Tulilala kwa wenyeji ili tuamke saa kumi alfajiri na kuonja safari yenyewe. Mabwepande tuliona hewa nzuri na kiwanja kilichopimwa, kikubwa kuliko tulivyotarajia. Jirani wa karibu alikuwa ukuta mrefu wenye geti, na mwenye geti hatukumwona kwa siku mbili. Si kosa lake, labda alikuwa kazini. Lakini tulimfikiria bibi yetu siku presha ikipanda sisi tukiwa mjini.

Chamazi dalali alitupeleka kwenye kiwanja kilichosawazishwa vizuri. Mama mmoja wa jirani, Mwislamu, Mzaramo wa huko huko, alikuwa akifagia uwanja. Dalali alipokwenda pembeni kupokea simu, mama akatuita kwa sauti ya chini: "Wanangu, hapo maji yanapita. Mkitaka, kuna cha yule mzee pale juu, mdogo lakini mtalala." Hakuwa na senti ya kupata kwetu. Siku ile tulijua mahali tunapokwenda. Tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, tukaulizia mipaka, tukawasikiliza majirani wa pande zote nne, tukanunua kile cha juu.

Hatusemi Chamazi ni bora kuliko Mabwepande. Familia nyingine, yenye kazi Tegeta na ndugu Bunju, ingefanya vema kuchagua kinyume chetu. Nasi tumelipa gharama: seremala wetu anatoka nyumbani gizani na kurudi gizani, na maji ya kunywa tunanunua. Tunachosema ni kwamba ujirani uingie kwenye hesabu kabla ya ukubwa wa kiwanja na kabla ya jina la wilaya. Wanaotuambia kiwanja ni akiba, kinachopanda bei, wanasema kweli. Ila akiba haikushiki mkono usiku wa manane.

Neno letu la mwisho ni kwa Kanisa, na hasa kwenu mafrateri mtakaokuwa maparoko wa pembezoni hizi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika miaka ya 1970, walitaka Kanisa liwe karibu na mlango wa mtu. Mtu anapohama, ukaribu huo hukatika. Sisi tulihama na barua ya utambulisho, ikakaa kwenye droo wiki kumi na moja kabla ya mtu kujua jumuiya yetu ni ipi. Katika wiki hizo aliyetuletea uji bibi alipougua alikuwa yule mama wa Kizaramo.

Tunaomba jambo dogo. Familia inapohama, jumuiya inayoiaga ipige simu kwa ile inayoipokea, na mtu aje na kiti, aketi, aulize majina ya watoto. Frateri akitumwa kwa uchungaji wa likizo, asiishie kanisani penye vipaza sauti. Apande bodaboda mpaka lami iishe, ahesabu mapaa mapya ya bati. Chini ya kila bati kuna watu waliochagua mtaa kwa akiba ya maisha yao yote, na wengi wao bado hawajabishiwa hodi.