Kinachomfanya Mtu wa Buswelu Asinenepe

Familia nyingi za Mwanza zimeshuka kutoka kwenye milima ya mawe ya Igogo, Mabatini na Bugarika na kuja kujenga Buswelu, penye viwanja vilivyopimwa na gari linalofika hadi mlangoni. Ni hatua ya maendeleo, na wanaistahili. Ila kule mlimani mama alikuwa akipanda mawe mara kadhaa kwa siku, ndoo kichwani na mtoto mgongoni, na baba alishuka barabarani kwa miguu akarudi kwa miguu. Huku bomba liko uani, duka liko kona ya pili na bodaboda inaitwa kwa simu. Miaka michache baadaye gauni la sherehe halifungi zipu, na majirani wanaulizana: mbona dada yule wa nyumba ya tatu bado mwembamba, kwani anakula nini?

Jibu la swali hilo tumezoea kulitafuta ndani ya mtu: nidhamu yake, uvivu wake, damu yake. Mimi nasema sehemu kubwa ya jibu iko nje yake, katika namna siku yake ilivyopangwa na katika chakula kinachomkuta njiani anaporudi nyumbani.

Tuanze na damu, maana ndiyo inayotajwa kwanza. Urithi upo. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwa miaka mingi kwamba watu hatulingani katika wepesi wa kunenepa, na kila ukoo una shangazi anayekula sahani iliyojaa asiongezeke hata kilo moja. Lakini damu ya Wasukuma, Wakerewe na Wajita wa mwambao huu haikubadilika katika kizazi kimoja, na miili imebadilika. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaonyesha kuwa mwaka 1991-92 wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa 11 kati ya kila 100 nchini. Mwaka 2015-16 walifika 28. Utafiti wa 2022 ulikuta wamefika theluthi moja hivi. Wanaume nao wanaongezeka, ingawa wako nyuma sana.

Na hili si suala la urembo. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Profesa Donald McLarty na wenzake uliofanyika vijijini Tanzania, na wenye kisukari hawakufika mmoja kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta wenye sukari iliyopanda ni karibu tisa kati ya 100. Vipimo havikufanana na watu hawakuwa wale wale, kwa hiyo namba hizo mbili zisilinganishwe moja kwa moja. Hata hivyo, tunakoelekea kunaonekana.

Nini kilibadilika? Ushahidi bora ninaoufahamu umetoka hapa hapa nchini. Watafiti wakiongozwa na Nigel Unwin waliwafuata watu zaidi ya 200 waliokuwa wakihama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, wakawapima kabla ya kuondoka na kuendelea kuwapima kwa mwaka mzima mjini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Katika miezi 12 tu, wanaume na wanawake waliongezeka wastani wa zaidi ya kilo mbili kila mmoja. Kijijini wanaume 79 kati ya 100 walikuwa wakifanya kazi za kutoa jasho; mjini walibaki 27 hivi. Kwa wanawake ilishuka kutoka 38 hadi 16. Hakuna aliyewafundisha uvivu. Walihama, na siku zao zikahama pamoja nao.

Londoni waliliona jambo hilo mapema zaidi. Jeremy Morris, daktari aliyechunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa, alionyesha mwaka 1953 kwamba makondakta waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Baadaye yeye na wenzake walipekua kumbukumbu za sare na kukuta suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni. Anayepanda Hiace za Mwanza anaweza kumtazama konda anayening'inia mlangoni, akikimbilia abiria na kusukuma mizigo, kisha amtazame dereva wake. Sidai kuwa kila dereva ana kitambi. Nasema kazi ya konda inamfanyia kitu ambacho dereva inambidi akitafute baada ya kazi, akiwa amechoka.

Hadi hapo mtu atasema: basi tukimbie, yatakwisha. Ndivyo ilivyosemwa Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kitaifa dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Naliheshimu agizo lile kwa sababu lilifanya kukimbia barabarani kuwe jambo la kawaida hata kwa mtu mzima mwenye cheo chake. Vikundi vya kukimbia vilivyozagaa mijini leo vinadaiwa na kampeni ile zaidi ya vinavyokiri.

Lakini kuna ushahidi mwingine unaovuruga hesabu hiyo, nao pia ni wa kwetu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu zinazotumiwa kwa siku na Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaowinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanatembea kilomita nyingi kila siku na ni wembamba karibu wote. Kila mtu alitarajia waonekane wakiunguza nguvu nyingi kuliko karani wa ofisini Marekani. Haikuwa hivyo. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, jumla yao kwa siku ilikaribiana. Mwili unapotumia zaidi upande mmoja huelekea kubana matumizi upande mwingine, na jasho la asubuhi halilipi deni lote la sahani ya jioni.

Matokeo hayo yamebishaniwa sana, na yasimpe mtu kisingizio cha kukaa. Kutembea kunalinda moyo, kunashusha presha, kunaleta usingizi mzuri, na kunamsaidia aliyekwisha kupungua asirudi alikotoka. Lakini anayetaka kujua kwa nini Wahadzabe ni wembamba na sisi tunatanuka, inambidi aangalie pia kinachoingia mdomoni. Chakula chao kina nyuzi nyingi, kinachukua muda kutafutwa na kutafunwa, hakina sukari ya dukani wala mafuta ya kupima.

Turudi Buswelu, jioni, magari yanaposhusha abiria kutoka mjini. Kibanda cha chipsi kimewashwa taa. Viazi vimekatwa tangu mchana, vimekaangwa nusu na kulundikwa kwenye kabati la kioo. Ukiagiza vinarudi tena kwenye karai, mafuta yakiwa yale yale yaliyotumika kutwa. Yanavunjwa mayai mawili, yanakorogwa, yanamwagwa juu ya viazi kwenye kikaango chenye mafuta mengine. Kachumbari kidogo pembeni, tomato, pilipili, na soda baridi ya chupa. Soda hiyo ya mililita 350 peke yake ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari. Kila kitu kiko tayari ndani ya dakika kumi, moto, chenye chumvi, na mtu anaondoka ameshiba bila kugusa kazi ya jikoni.

Hatua chache mbele, kwenye turubai, kuna dagaa wa ziwani waliotoka Mwaloni Kirumba, wanauzwa kwa kopo na sado. Pembeni kuna matembele, mchicha, na ukibahatika mgagani. Ni chakula bora na kwa bei ya protini kuna vichache vinavyowashinda dagaa. Lakini mama akiwanunua, anakwenda kuwapembua mchanga kwenye ungo, kuwatoa vichwa, kuwaosha kwa maji ya moto, kuwakaanga kidogo kisha kuwaunga kwa nyanya na kitunguu au kwa karanga. Mgagani nao uchemshwe na kumwagwa maji ndipo uchungu upungue. Ugali usongwe. Hapo ni zaidi ya saa moja, na ameingia nyumbani giza limeshatanda. Tunapomlaumu kwa kuchagua chipsi, tunamlaumu kwa kukosa saa moja ambayo mji umemnyang'anya njiani.

Ndiyo maana dada yule wa nyumba ya tatu si fumbo kubwa. Watu wa aina yake ukiwaangalia kwa karibu hawafanyi ajabu lolote. Wanakula nyumbani mara nyingi kuliko nje. Wanakunywa maji, na chai yao wanaitia sukari kidogo. Wanapenda ugali wa dona au wa udaga, na mboga kwao ndiyo inayojaza sahani. Hawali tena kwa sababu tu mgeni ameandaliwa. Wanatembea hadi kituoni. Wanalala mapema, jambo tunalolidharau, kumbe mtu aliyekosa usingizi hupata njaa isiyo ya tumbo. Wengi wao hawajawahi kujipima uzito. Wana kazi au nyumba iliyowawekea mazoea hayo bila wao kupigana nayo kila siku.

Ipo sababu nyingine ambayo wataalamu wa lishe huipita haraka, nami siwezi kuipita, kwa sababu ni ya mwambao huu hasa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa. Upande wa Uganda ugonjwa uliitwa kwa jina la wembamba wenyewe. Kwa miaka zaidi ya 20, kabla ya dawa kuenea, kukonda kulikuwa tangazo la kifo. Mtu akipungua kilo tatu kwa homa, mtaa ulianza kunong'ona, biashara yake ikasimama, mchumba akasita. Kizazi kilichozika ndugu namna hiyo kilijifunza kuuona mwili mnene kama hati ya usalama. Hadi leo mwanamke akiongezeka baada ya kuolewa anaambiwa amependeza na mume anamtunza. Akipungua kwa juhudi zake mwenyewe anaulizwa anaumwa nini. Anayewahubiria akina mama wa Buswelu wapungue bila kuielewa hofu hiyo atakuwa anazungumza peke yake. Dawa za kufubaza virusi zimewarudishia watu miili na uhai, na wahudumu wa afya wana nafasi ya kusema wazi kliniki: mwembamba mwenye nguvu si mgonjwa, na mnene si lazima awe mzima.

Vile vile usisifiwe kila wembamba. Utafiti ule ule wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto watatu kati ya kumi wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nyumba moja unaweza kumkuta mtoto aliyedumaa na mama aliyezidi uzito, wote wakilishwa na sufuria moja ya sembe na mafuta: tumbo limejaa, virutubisho havimo. Ndoo ya maji mlimani Igogo ilimweka mama mwembamba na ikamuumiza mgongo. Sitamani irudi.

Kwa hiyo hoja yangu haiishii kwa mtu mmoja mmoja. Manispaa ya Ilemela ilitengwa na Jiji la Mwanza mwaka 2012 na makao makuu yake yako hapa Buswelu. Sensa ya mwaka huo iliikuta na watu 343,001. Ya 2022 ikawakuta 509,687. Mji unaokua hivyo ndio kwanza unachora sura yake, na anayeichora anaamua viuno vya watoto wetu kuliko mkufunzi yeyote wa mazoezi. Kila barabara inapotiwa lami, iwe na njia ya miguu isiyogeuzwa kituo cha bodaboda, yenye taa, ili mwanamke atembee alfajiri bila kumsubiri mtu wa kumsindikiza. Maeneo ya wazi yaliyo kwenye ramani yabaki wazi. Kila mtaa uwe na genge la mboga na samaki lenye kivuli na maji, na mama lishe wanaouza ugali, dagaa na mboga wapewe nafasi pale pale magari yanaposhusha watu, si nyuma ya vibanda. Akimkuta dagaa aliyeungwa tayari, moto, kwa bei ya chipsi, yule mama aliyechelewa kurudi atakuwa na uchaguzi wa kweli.

Shuleni, maji ya kunywa yawepo kabla ya kuzungumzia soda. Na soda yenyewe, Afrika Kusini ilianza mwaka 2018 kuitoza kodi kwa kadiri ya sukari iliyomo, na watengenezaji wakapunguza sukari. Hiyo ni kazi ya Bunge, si ya mtaa. Mengine yote niliyoyataja yanaweza kuingizwa kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa ujao na kubebwa na diwani hadi kwenye baraza la madiwani, ambalo kwa wakazi wa Buswelu liko umbali wa kutembea kwa miguu.