Visima vya Turkana: maji yapo, paipu je?

Septemba 2013 serikali pamoja na UNESCO zilitangaza kwamba setilaiti na rada zimeonyesha hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Turkana, moja katika bonde la Lotikipi na nyingine karibu na Lodwar. Ikasemwa kana kwamba ukame umekwisha. Baadaye maji ya Lotikipi yalipopimwa, yakakutwa na chumvi isiyonyweka. Mji wa Lodwar wenyewe hunywa kutoka visima vilivyo kando ya mto Turkwel, na hivyo vilikuwepo kabla ya hizo setilaiti.

Sisi wa Mombasa, Kilifi na Malindi tunaujua mtindo huo. Baricho ni vivyo hivyo: visima kando ya Sabaki, pampu, kisha paipu ndefu hadi kwetu. Na tunajua Sabaki inaweza kuwa imejaa na mifereji yetu ikakauka, ama umeme wa pampu umekatwa kwa deni, ama paipu imepasuka njiani. Kwa hivyo mtu wa Pwani akiniambia "Turkana hakuna maji," namshangaa.

Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992, iko kando ya Tarach, mto ambao miezi mingi ni mchanga mtupu, na mvua ikinyesha huko juu huja kwa ghadhabu. Visima vya kambi vimechimbwa kuufuata mto huo. Maji hupandishwa matangini, kisha hushuka kwa paipu hadi mifereji ambako Wasomali, Wasudani Kusini na Wakongo hupanga mitungi yao. Shida nyingi huzaliwa hapo katikati, baina ya kisima na mtungi.

Paipu ya plastiki iliyoachwa juu ya ardhi katika jua la Lodwar haikai. Inakauka, inakuwa kama ganda, ngamia akiikanyaga inapasuka. Yafaa izikwe, kina cha goti au zaidi, juu ya mchanga usio na mawe, na mtaro ufukiwe baada ya paipu kujaribiwa kwa shinikizo, si kabla. Inapovuka lagga iwe ya chuma na ishikwe na zege, la sivyo mafuriko ya usiku mmoja yataifukua na kuondoka nayo.

Ufa mdogo watu huuona kuwa ni hasara ya maji tu. Hatari yake huja pampu ikizimwa. Shinikizo likishuka, ufa uliokuwa ukitoa maji huanza kuvuta, na kinachovutwa ni tope lililoizunguka paipu, pamoja na kinyesi cha mifugo na cha watu. Kakuma ilipatwa na kipindupindu 2005, na si mwaka huo peke yake. Penye mgao wa saa chache kwa siku ndipo penye hatari hii zaidi, na hilo wakazi wa Kisauni hawahitaji kuelezwa nami.

Ndani ya kisima nako kuna kazi. Pampu ya kuzama huning'inia kwenye paipu, kwa hivyo paipu hubeba uzito wa pampu na wa maji yote yaliyomo. Viungo vikiwa hafifu na kamba ya usalama haipo, pampu huanguka, na kisima cha mamilioni huwa kaburi lake. Panatakiwa valvu ya kuzuia maji kurudi, kifaa cha kuizima pampu maji yakipungua isiungue kwa kuzunguka pakavu, na waya uliofungwa vizuri usichubuke. Juu, mdomo wa kisima uinuliwe na uzungushiwe sakafu ya saruji, na hori la mifugo liwe mbali.

Nayasema haya kwa kuwa baadhi ya pesa za visima hivyo hutoka mifukoni mwetu. Misikiti na makundi ya WhatsApp huchangisha, na ni jambo la kheri. Saad bin Ubada alichimba kisima kwa ajili ya mamake, na Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma watu wanywe bure. Lakini hesabu ninazoonyeshwa huishia kwenye kuchimba na kibao chenye jina la marehemu. Sijaona fungu la kupima floridi, ambayo visima kadhaa vya Turkana vinayo kupita kiasi na huharibu meno ya watoto. Wala fungu la vipuri, ilhali fundi wa Lodwar akikosa kipuri hukitafuta Kitale, karibu kilomita 300. Paneli za sola nazo zimetupumbaza: jua ni bure, basi tunadhani gharama zimekwisha.

Mimi ningechagua visima vitatu vyenye paipu ya sawasawa na fundi wa papo hapo mwenye spana na malipo, kuliko kumi vya kupigia picha. Najua watakaosema mwenye kiu hangoji paipu ya daraja la juu. Kweli, na lori la maji lipelekwe leo. Lakini kisima kikifa, kina mama hurudi kufukua mchanga wa mto kwa mikono, na huku kwetu kijiji chao kimeshawekewa alama kwenye orodha kuwa kimepata. Hakichangiwi tena.